Kutafuta Kasoro Kabla ya Kutengeneza: Funzo la Breki za Ngoma

Katika madaftari ya wanachuo wengi tumekuta mchoro uleule wa breki ya gari: duara la ngoma, viatu viwili ndani yake, springi, silinda, na mishale yenye majina. Mchoro ni safi na majina ni sahihi. Mwanachuo akiambiwa ataje sehemu sita za breki, huzitaja bila kusita. Lakini aulizwe swali jingine: "Pikapu huvuta upande wa kulia kila dereva akanyagapo breki. Utaanza kutazama wapi, na kwa sababu gani?" Hapo wengi hunyamaza, na wachache hujibu kwamba gurudumu la kulia ndilo bovu. Aghalabu jibu hilo si kweli. Gari huvuta kulia kwa sababu breki ya kulia inashika na ya kushoto haishiki. Gurudumu linalolaumiwa ndilo linalofanya kazi yake.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba mafunzo ya kifaa chochote hayajakamilika mpaka mwanafunzi aweze kutoka kwenye dalili kwenda kwenye sababu, kwa hatua, akithibitisha kila hatua kwa jaribio. Tunashikilia kwamba stadi hii ya kutafuta kasoro inastahili kufundishwa waziwazi katika vyuo vyetu vya ualimu. Tena twasema kwamba breki za ngoma za pikapu kuukuu ni mfano bora wa kuifundishia, kwa kuwa humo dalili hutokea mahali pamoja na sababu ikajificha mahali pengine.

Kazi ya breki ya ngoma

Asiyejua kazi ya kitu hawezi kuijua kasoro yake. Basi tuanze na kazi. Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa kuingiza breki ya ngoma katika magari mwaka 1902. Mwanzoni viatu vilisukumwa kwa nyaya na fito za chuma. Kuanzia miaka ya 1920 magari yakaanza kutumia nguvu ya kimiminika. Pikapu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na ngoma katika magurudumu yote manne. Zilizofuata nyingi zilipewa breki za diski mbele, zikabakiziwa ngoma nyuma.

Dereva akanyagapo pedali, pistoni iliyo ndani ya silinda kuu husukuma mafuta ya breki. Mafuta hayo hayashindiliki kwa urahisi, kwa hiyo kanieneo, yaani kani igawanywayo kwa eneo, husafiri kupitia mabomba hadi kila gurudumu. Kanuni hii ilielezwa na Blaise Pascal katika karne ya 17. Katika gurudumu kuna silinda ndogo. Pistoni zake husukuma viatu viwili kwenda nje, na lainingi zilizobandikwa kwenye viatu hivyo husugua ukuta wa ndani wa ngoma inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano hugeuza mwendo kuwa joto, na gari husimama. Mguu ukiondolewa, springi huvirudisha viatu mahali pake.

Liko jambo moja ambalo michoro ya ubaoni haionyeshi. Kiatu kinachotangulia katika mzunguko wa ngoma huvutwa na ngoma yenyewe kikazidi kubana. Ndiyo maana mguu wa mtu mmoja waweza kusimamisha pikapu iliyosheheni magunia ya mahindi. Ndiyo maana vilevile badiliko dogo tu la msuguano katika gurudumu moja, kwa mfano grisi kidogo juu ya lainingi, huleta tofauti kubwa baina ya upande na upande.

Dalili moja, sababu nyingi

Fundi asiye na utaratibu huona dalili moja akafikiri sababu moja. Fundi mwenye utaratibu huona dalili moja akaorodhesha sababu zote zinazowezekana, kisha akatafuta jaribio jepesi litakalozitenganisha. Tutazame dalili chache za breki za ngoma.

Dalili ya kwanza ni pedali kushuka chini sana. Sababu zaweza kuwa tatu. Huenda lainingi zimeisha, au viatu vimeachana mno na ngoma. Huenda hewa imeingia katika mabomba. Huenda mafuta yanavuja. Jaribio ni mguu wenyewe. Pedali ikianza chini lakini ikawa ngumu, na ukiipiga mara ya pili ikapanda, shuku kwanza nafasi baina ya viatu na ngoma. Ikiwa laini kama mpira uliojaa hewa, shuku hewa. Ukiikanyaga kwa nguvu ileile bila kuachia nayo ikaendelea kuzama taratibu hadi sakafuni, shuku uvujaji. Hapo tena kuna njia panda. Tazama kopo la mafuta na upande wa ndani wa kila gurudumu. Mafuta yakipungua, yanatoka nje mahali fulani. Yasipopungua, basi aghalabu raba za silinda kuu zimechakaa na mafuta yanapita kando yake humohumo ndani.

Dalili ya pili ni gari kuvuta upande, ambayo tumekwisha kuitaja. Upande usioshika huenda una lainingi zilizolowa mafuta ya breki kutoka silinda inayovuja, au oili ya ekseli kutoka sili iliyochoka. Huenda pistoni zake zimeganda kwa kutu. Huenda pia viatu vya pande mbili havikurekebishwa sawasawa. Lakini gari likivuta hata wakati breki haikukanyagwa, habari ni nyingine: kuna gurudumu lililoshikwa.

Dalili ya tatu ndiyo hiyo, ngoma kupata moto na gurudumu kukataa kuachia. Hapa sababu ni nyingi zaidi: springi zilizolegea, waya wa breki ya mkono uliokwama, pistoni iliyoganda, viatu vilivyobanwa kupita kiasi, mpira wa breki uliovimba kwa ndani, au silinda kuu isiyorudisha mafuta. Jaribio la kuzitenganisha ni rahisi. Gari likiwa limeinuliwa na gurudumu limeshikwa, fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa iliyo nyuma ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi kanieneo ilikuwa imenaswa, na kosa liko mbali na ngoma: ni mpira au silinda kuu. Gurudumu lisipoachia, kosa limo katika vyuma vya hapohapo au katika waya wa breki ya mkono. Kwa robo mzunguko wa spana, orodha ya sababu sita imegawanyika makundi mawili.

Dalili ya nne ni sauti. Mlio mwembamba waweza kuwa vumbi au lainingi zilizong'aa kwa joto. Sauti ya chuma kusaga chuma ni onyo la kutii papo hapo, kwani lainingi zimekwisha na vichwa vya ribiti, au kiatu kitupu, vinachimba ngoma. Pedali ikidundadunda chini ya mguu, aghalabu ngoma imepoteza duara lake.

Dalili ya tano huwapata madereva wa milimani, kama wale wanaoteremka Kitonga mkoani Iringa. Breki zilizokuwa nzuri juu ya mlima huanza kukataa katikati ya mteremko, na zikipoa hurejea. Ngoma inapopata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na msuguano wa lainingi hupungua. Pamoja na hayo, mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yaliyo mapya hayana budi kuhimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika, basi pedali huzama. Dawa ni mafuta mapya na gia nzito tangu mwanzo wa mteremko. Anayebadilisha viatu hapa hajatibu kitu.

Gari lililotengenezwa mara tatu

Tunalo tukio moja la kutolea mfano. Pikapu ya chuo kimoja, iliyokuwa ikibeba chakula cha wanachuo, ilivuta kushoto hata breki isipokanyagwa, na ngoma ya mbele kushoto ikawa haigusiki kwa moto. Ilipelekwa gereji, ikawekewa viatu vipya. Baada ya siku chache moto ukarudi. Ikawekewa springi mpya, nao ukarudi tena. Mara ya tatu ikawekewa silinda mpya ya gurudumu. Kila mara gari liliondoka zima na kila mara lilirejea gonjwa, kwa sababu kila walipofungua ngoma ili kuweka kitu kipya waliachia kanieneo iliyonaswa, au walivirudisha viatu nyuma, wakadhani wamepona.

Hatimaye dereva, mtu wa makamo asiye na cheti chochote cha ufundi, aliomba gurudumu liinuliwe likiwa bado limeshikwa. Akafungua nipeli. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Kisha akauliza swali la pili: kama silinda kuu ndiyo yenye kosa, mbona gurudumu la kulia haliungui? Kilicho cha gurudumu la kushoto peke yake, baina ya bomba la chuma na silinda yake, ni ule mpira mmoja. Mpira ukabadilishwa na ugonjwa ukakoma. Kwa nje mpira ule wa zamani ulionekana mzima kabisa. Kwa ndani ulikuwa umevimba, nguvu ya mguu ikiweza kupitisha mafuta kwenda, na springi zisiweze kuyarudisha.

Tunamtaja dereva huyu kwa heshima kwa sababu moja tu. Hakuwashinda mafundi wale kwa kujua majina ya sehemu. Yumkini wao waliyajua zaidi. Aliwashinda kwa kuuliza swali ambalo jibu lake lingeondoa nusu ya orodha.

Utaratibu wa kutengeneza

Sababu ikishajulikana ndipo mkono uende kazini. Yako mambo ambayo mwanachuo yampasa kuyajua hata kama yeye si fundi, kwa maana siku moja atakabidhiwa gari la shule au atasimama mbele ya watoto kulieleza.

Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari, na uzito ukae juu ya stendi imara; jeki peke yake haiaminiki. Kwa magurudumu ya nyuma breki ya mkono iachiwe, vinginevyo ngoma haitatoka. Ngoma iliyochimbika kwa ndani huwa na ukingo unaonasa viatu. Basi virudishwe viatu kwanza kwa kulegeza kirekebishi, ngoma isipigwe nyundo hovyo. Ufunguliwe upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ubaki mzima uwe kielelezo cha mahali pa kila springi, na kiatu cha mbele kisibadilishane nafasi na cha nyuma. Springi zina nguvu ya kutoboa jicho, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima.

Ngoma ikaguliwe kama ina nyufa na mikwaruzo, na kipenyo chake kipimwe. Ngoma nyingi zimechongwa kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na ikikizidi haifai tena hata ikionekana nzuri. Viatu hubadilishwa kwa ekseli nzima, kulia na kushoto pamoja, ili pande mbili zishike sawa. Lainingi iliyolowa mafuta haioshwi ikarudishwa. Hutupwa, na chanzo cha mafuta hayo hutengenezwa kwanza. Raba za silinda huoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe. Oili ya injini, petroli na dizeli huzivimbisha raba na kuziharibu, na hakuna dhiki ya safari inayohalalisha kumimina oili ya injini katika kopo la breki.

Baada ya kufunga, viatu hurekebishwa hadi gurudumu ligome, kisha hulegezwa kidogo hadi lizunguke huru. Hewa hutolewa na watu wawili, aghalabu kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu: mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua nipeli na kuifunga, ndipo wa kwanza aachie. Kopo lisiachwe likauke. Mwisho kabisa pedali hujaribiwa gari likiwa limesimama, kisha katika uwanja wa wazi kwa mwendo wa pole, kabla gari halijaingia barabarani.

Onyo juu ya vumbi

Hapa hatuna budi kusimama na kusema kwa sauti kubwa zaidi. Lainingi za magari mengi ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Shirika la Afya Duniani limeeleza bayana kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Kwa macho haiwezekani kujua kama lainingi kuukuu ina asbesto au haina, basi kila moja ichukuliwe kuwa inayo. Vumbi lililomo ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, wala lisifagiliwe kavu. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa kikiwa bado kimelowa.

Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi asiwafungulie watoto ngoma ya gari kuukuu darasani, wala asiwaletee lainingi zilizotumika wazishikeshike. Jambo hili halina mjadala. Zana ya kufundishia isiyo salama si zana.

Zana za darasa la msingi

Je, basi mtoto wa darasa la sita atafundishwaje? Tunapendekeza vielelezo viwili visivyo na gharama.

Cha kwanza ni sufuria kuukuu iliyopigiliwa juu ya mhimili ili izunguke. Ndani yake viwekwe vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mfano wa mwezi mchanga, vimeungwa upande mmoja kwa msumari uliokaza kwenye ubao usiozunguka. Upande wa pili uvutwe pamoja kwa utepe wa tyubu ya baiskeli badala ya springi. Baina ya ncha hizo kipitishwe kijiti bapa. Kikigeuzwa, ncha zinatanuka na mbao zinashika sufuria. Breki ya ngoma ya pikipiki nyingi hufanya kazi hivihivi, na watoto wengi wamekwisha kuiona nje ya shule.

Cha pili ni mabomba mawili ya sindano, mapya na yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Mtoto mmoja asukume bomba dogo na mwenzake alizuie kubwa. Mwenye bomba dogo atashinda, lakini atagundua kwamba amelipia ushindi huo kwa kusukuma mbali zaidi. Kisha hewa kidogo iingizwe. Bomba dogo litaingia na kubwa litachelewa kusogea. Mtoto amekwisha kuiona pedali laini kwa macho yake.

Lakini tusiishie kwenye maonyesho, maana maonyesho peke yake ni mchoro wa ubaoni uliopata miguu. Mwalimu atie kasoro kwa siri. Kikundi cha kwanza kipewe mabomba yenye hewa, cha pili yenye tobo la pini katika mpira, cha tatu mpira uliofinywa kwa kibanio, na mpira ufunikwe kwa kitambaa. Watoto wapewe dalili tu. Pawe na sharti moja: asiguse mtu kitambaa kabla hajasema anashuku nini, na ni jaribio gani litakaloonyesha kama shuku yake ni kweli au si kweli. Kikundi kitakachokosea lakini kikatoa jaribio zuri kisifiwe kuliko kile kilichobahatisha jibu sahihi.

Kasoro za hesabu nazo zina dalili

Mwanachuo aweza kusema kwamba haya yanawahusu walimu wa sayansi peke yao. La hasha. Tuchukue hesabu ya kutoa: 52 − 27. Watoto wawili wameandika 35. Mwalimu amepiga alama ya mkosa kwa wote wawili, kisha amerudia maelezo yaleyale kwa darasa zima. Huyo ni fundi aliyebadilisha viatu.

Mtoto wa kwanza ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Mtoto wa pili amekopa kumi vizuri, 12 toa 7 ni 5, lakini akasahau kupunguza makumi, 5 toa 2 ni 3. Dalili ni moja, sababu ni mbili, na dawa zake hazifanani. Wa kwanza haelewi maana ya kukopa. Wa pili anaielewa na amesahau hatua. Sasa wape 51 − 27. Wa kwanza ataandika 36 na wa pili 34. Swali hili moja limefanya kazi ya nipeli: limeonyesha kosa liko upande gani. Ni hasara iliyoje kwa mtoto yule wa pili kurudishwa mwanzo kana kwamba hajui kitu!

Mmarekani John Dewey, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, alieleza kwamba kufikiri huanza na tatizo linalohisiwa, kisha tatizo hilo hubainishwa, hupendekezwa ufumbuzi, hupimwa kwa hoja, na mwisho huthibitishwa kwa uchunguzi. Nyumbani kwetu waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, wa mwaka 1967, ulitaka elimu ijenge akili yenye kudadisi. Wanachuo wengi wameyakariri yote mawili kwa ajili ya mtihani. Pale kwenye gurudumu lililoshikwa ndipo yanapopata kazi.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba breki za ngoma zimepitwa na wakati. Kweli diski zimeenea, lakini ngoma zingali nyuma ya magari mengi madogo, katika pikipiki nyingi, na katika malori makubwa ambamo upepo hufanya kazi ya mafuta. Hata hivyo, zingetoweka kesho, utaratibu wa kutafuta kasoro ungebaki.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu si fundi. Twakubali. Gari lenye kubeba watu litengenezwe au likaguliwe na fundi anayestahili, na mwalimu aliyesoma makala haya asijione amehitimu gereji. Lakini mwalimu ajuaye kuuliza "ulijuaje kwamba ni hiki?" humsaidia hata fundi, na huilinda fedha ya shule.

Wapo tena watakaosema kwamba muda hautoshi na silabasi ni ndefu. Hoja hii ina uzito kuliko nyingine, na hatuipuuzi. Ni kweli kwamba dakika 40 za kutafuta kasoro moja zingetosha kuandika majina ishirini ubaoni. Swali ni nini kitabaki kwa mtoto muhula ukiisha. Majina yasiyotumika hufutika pamoja na ubao.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kundi la wanachuo, kabla ya mazoezi ya kufundisha, litumie angalau kipindi kimoja pamoja na dereva au fundi wa chuo likifuatilia kasoro ya kweli ya gari hadi sababu yake ijulikane, bila kufungua ngoma. Pili, andalio la somo la sayansi na la hesabu liwe na safu tatu ndogo: dalili, sababu zinazowezekana, na jaribio la kuzitenganisha. Mwanachuo aandike humo makosa anayoyatarajia kwa watoto, na swali atakalouliza ili kuyatambua. Tatu, mitihani yetu ya ndani ipunguze maswali ya "taja" na iongeze maswali yanayotoa dalili na kumtaka mtahiniwa aeleze ataanzia wapi.

Ndugu mwanachuo, utakapofika kituoni utakuta daftari la mtoto limejaa makosa kama vile gari linavyofika gereji. Usikimbilie kubadilisha kila kitu, wala usimlaumu upesi yule anayeonekana kuvuta upande. Orodhesha sababu, chagua jaribio, uliza, kisha utengeneze palipoharibika.